Kufuli Nje, Wagonjwa Ndani

Nyamera mpendwa,

Nilikuwa nimejiambia kwamba nitakuandikia hasira zikiisha. Nimengoja, na haziishi. Naamka nazo, naoga nazo, naenda nazo kazini, na jioni narudi nazo nyumbani zikiwa zimeongezeka. Kwa hiyo nakuandikia hivi hivi nilivyo. Na barua hii naiacha wazi, asome anayetujua na asiyetujua, kwa sababu nilipojaribu kuyaandika haya mahali panapostahili nilikatazwa. Nitalifikia hilo.

Kwa wasiokujua, nyamera kwa lugha yetu ni dada, na wewe ni dada yangu mkubwa, mtoto wa kwanza wa nyumba yetu kule Kisegi, na mimi ni kitindamimba uliyembeba mgongoni mpaka miguu yake ikawa inaburuza chini. Ulikuwa na hoteli ya chai, chapati na samaki kwenye machimbo ya dhahabu ya Osiri. Mimi ni afisa wa afya ya umma. Nakagua vyoo, mabucha na hoteli, na tukiungana na wenzetu wa ofisi nyingine, nakagua kliniki za watu binafsi. Ulinilea, ukanifunza adabu, halafu ukafa kwa ajili ya adabu hiyo hiyo. Sisemi hivyo ili nihurumiwe. Nasema kwa sababu ndivyo ilivyokuwa.

Unakumbuka kofi ulilonizaba njiani kwenda ziwani? Nilikuwa na mtungi wangu mdogo wa plastiki, wewe na wako mkubwa, nami nilikuwa nimejifunza kupiga mluzi wiki hiyo na sikutaka kunyamaza. Tukapita kwenye boma moja ambako wanawake walikuwa wamekaa chini na moto unawaka uani. Hukusema neno mpaka tukamaliza ua wote. Kisha ukaweka mtungi chini, taratibu kabisa, ukanizaba.

"Watu wamefiwa, wewe unapiga mluzi?"

Ukanirudisha mpaka kwenye lango. Ukanivua kofia. Nikasema pole kwa mzee ambaye sikumjua na ambaye, nadhani, hata hakunisikia. Tulipokuwa tunashuka tena ziwani ukanieleza kwamba mahali palipo na msiba mtu hapiti akiwa juu ya baiskeli, haongei kwa sauti, na hasa haulizi maswali. Anatoa pole, anakaa kidogo kama ana nafasi, anaenda zake. Nilikuwa nalia huku nakusikiliza. Nimeishi na maneno hayo maisha yangu yote, na wala si mimi peke yangu. Huku kwetu, kuanzia Homa Bay mpaka kule mpakani, neno msiba linafungua kila njia. Mwalimu ataacha darasa, karani ataacha dawati, kesi itaahirishwa, na hakuna atakayeuliza nani amekufa. Nani atathubutu kuomba aonyeshwe maiti?

Na unakumbuka nilivyokufunga?

Nilikuwa nimehamishiwa upande huo juzi tu. Ulinipikia samaki wa ngege mzima, ukanikaribisha mbele ya wateja wako, wachimbaji wenye vumbi jekundu mpaka kwenye kope. Nilikula, nikanawa, nikashukuru, kisha nikatoa kitabu changu. Choo mlichokuwa mnatumia na majirani kilikuwa kimebomoka na mvua, na watu walikuwa wanakwenda nyuma ya mawe. Nikakuandikia notisi ya kufunga hoteli. Ulidhani natania. Ulipoona sitanii ulisimama na mwiko mkononi.

"Omera, unafunga mimi? Mimi nilikupangusa makamasi?"

Omera, yaani ndugu yangu. Hukuwahi kuniita kwa jina lingine. Wachimbaji walicheka mpaka mmoja akapaliwa na chai. Niliwaambia wamalize kula watoke. Hukunisalimu kwa muda mrefu baada ya hapo, na kanisani siku ya Sabato ulikuwa unahama benchi nikikaa karibu. Halafu siku moja ukanipigia simu na kusema maneno manne tu: "Kuja uone choo yako." Nikaja. Kilikuwa na mlango wa mabati, kimepakwa rangi ya samawati, na nje kulikuwa na ndoo yenye mfereji na sabuni iliyofungwa kwa kamba isiibwe. Sijawahi kuona choo kilichojengwa kwa hasira kikapendeza vile.

Tangu siku hiyo ukaanza kunitangaza. Jirani akimwaga maji machafu, unamtisha na mimi. Muuza nyama akiacha nyama bila wavu, unamtisha na mimi. Ulikuwa unawaambia kwamba huyu ndugu yako ni moto, alikufunga wewe mwenyewe, dada yake wa tumbo moja, sembuse wao. Niliambiwa hayo na nikacheka, na ndani yangu nilijisikia mkubwa. Sikufikiria kwamba hukuwa unajigamba tu. Ulikuwa unaamini. Ulikuwa umeniamini kabisa, moyo wote, kwamba mahali nilipopita na kunyamaza ni mahali pazuri.

Uliponiambia kwenye simu kwamba umechoka na unakunywa maji kama ng'ombe, nilikuambia nenda hospitali upimwe. Nilisema hivyo haraka, nikiwa njiani, na nikarudi kwenye shughuli zangu. Ulikwenda. Dispensari ya serikali iliyo karibu nawe ilikuwa na muuguzi mmoja, na siku hiyo muuguzi huyo alikuwa ameenda kuchanja watoto vijijini. Ukarudi kesho yake ukamkuta. Akakuambia mashine ya kupima sukari ipo ila vijiti vyake vimeisha tangu zamani, na ameviomba mpaka amechoka kuomba. Sina ubaya na muuguzi huyo. Nina ubaya na wale wanaopokea barua zake. Mashine bila vijiti ni pambo la meza, na kila mtu ofisini anajua hivyo, na mimi nilijua hivyo, kwa maana nilishawahi kuandika kwenye ripoti kwamba "vifaa vipo".

Basi ukaenda kwa Dakta.

Kila mtu hapo sokoni alimwita Dakta. Alikuwa na kliniki katikati ya kibanda cha simu na duka la majembe ya wachimbaji, chumba cha mbele chenye viti vya plastiki na cha nyuma chenye vitanda vinne. Ukutani kulikuwa na cheti chenye fremu. Tulikuja kujua baadaye kwamba cheti kilikuwa cha mtu mwingine aliyestaafu, na Dakta mwenyewe alichojua kuhusu dawa alikijua kwa kufungua maboksi kwenye duka la dawa la mjini. Alikuangalia macho, akakushika kipaji cha uso, akasema malaria na taifodi. Huko kwenye machimbo kila mtu ana malaria na taifodi. Ukiumwa jino una malaria na taifodi. Akakulaza chumba cha nyuma, akakutundikia dripu.

Hukuniambia umelazwa. Uliwaambia wengine kwamba hutaki kunisumbua, wiki ya ukaguzi nina kazi nyingi.

Ndiyo, ilikuwa wiki ya ukaguzi. Na hapa naomba msomaji asiyejua kazi yetu anisikilize. Ukaguzi wa kliniki ni siri kwenye karatasi tu. Barua inatumwa kwa chifu ili atupe ulinzi. Gari la ofisi ni moja, na dereva akiambiwa aliandae, gereji nzima inajua. Wenzetu wanaotoka Nairobi wanalala kwenye gesti ambayo kila mtu anaijua. Tunapofika sokoni na kujitia watu wa kushtukiza, waliokusudiwa kushtuka wameshakunywa chai na kujipanga. Tumesema jambo hili kwenye mikutano. Linaandikwa kwenye kumbukumbu za mkutano, halafu mkutano unaofuata unaanza kwa kuthibitisha kumbukumbu hizo.

Tulikuwa watano: mkuu wangu, mimi, afisa mmoja kutoka Nairobi mwenye daftari la wahudumu wa afya waliosajiliwa, askari na dereva. Kliniki tatu katika mstari ule zilikuwa zimefungwa. Kila mlango ulikuwa na kufuli, na kila kufuli lilikuwa na karatasi juu yake: TUMEENDA MATANGA. Karatasi tatu. Mwandiko mmoja, kalamu moja nyekundu. Niliona, nyamera. Sikuwa kipofu. Niliona mwandiko ni mmoja na nikajiambia labda ni ukoo mmoja, wamefiwa pamoja. Hiyo ndiyo akili yangu niliyosomea.

Nje ya kliniki ya Dakta kulikuwa na mwanamke ameketi kwenye kigoda, amejifunga leso kichwani na nyingine kiunoni, ameinamisha uso. Alikuwa amefunga fundo kwenye ncha ya ile leso ya kiunoni na amelishika. Yule afisa wa Nairobi, ambaye si mtu wa huku, alitaka kumwuliza maswali. Alitaka kujua msiba uko wapi, aliyekufa ni nani, na mwenye kliniki atarudi lini. Na unajua nani aliyemzuia? Mimi. Nilimvuta kando nikamwambia kwamba huku hatufanyi hivyo. Nilimwambia kwa upole, kama mtu anayemfunza mgeni adabu. Mkuu wangu akaitikia kwa kichwa. Kisha nikaenda kwa yule mama, nikavua kofia yangu, nikainama kidogo, nikatoa pole. Nikamwambia Mungu awatie nguvu. Akaitikia bila kunitazama.

Mkuu akasema, "Andika msiba, twende." Kwenye fomu kuna sehemu ya sababu ya kutokaguliwa. Nikaandika: Imefungwa, msiba. Nikatia sahihi.

Ulikuwa hatua chache kutoka pale niliposimama. Kati yetu kulikuwa na chumba cha mbele na ukuta wa mabati.

Siku mbili baadaye nilipigiwa simu na mama mmoja, mke wa mchimbaji, aliyekuwa amelazwa kitanda cha pili. Aliniambia dada yako anaongea maneno yasiyoeleweka na pumzi yake inanuka kama matunda yaliyooza, kuja haraka. Nilikukuta huwezi kusimama. Dakta hakuwepo, alikuwa ametoka kidogo, ndivyo nilivyoambiwa, na mpaka leo hajarudi kutoka huko alikotoka kidogo. Nilikupakia kwenye gari nikakupeleka mpaka Homa Bay, kwa sababu kule nilikuwa na muuguzi ninayemjua na kumwamini. Migori ilikuwa karibu zaidi. Labda hapo napo nilikosea. Nimelipima jambo hilo mara nyingi. Njiani ulikuwa unaomba maji tu.

Walipokutoboa kidole mashine ilishindwa kusoma, ikaandika tu kwamba imepita kiwango. Muuguzi akaniuliza ulikuwa umepewa nini. Nilikuwa nimebeba chupa moja tupu kutoka kando ya kitanda chako, sijui kwa nini, labda ni mazoea ya kazi ya kukusanya ushahidi. Akaisoma, akaigeuza, akaisoma tena. Ilikuwa maji ya glukosi. Alikuwa amekutundikia chupa baada ya chupa. Mwili wako ulikuwa unakufa kwa sukari, na mtu yule alikuwa anakumiminia sukari kwenye mshipa, siku tatu mfululizo, chini ya cheti chenye fremu.

Siku ya pili hospitalini ulifungua macho na ulikuwa wewe mwenyewe. Ulitazama shuka, ukatazama dirisha, ukauliza kama nimekula. Halafu ukaniambia kitu ambacho naandika barua hii kwa sababu yake.

"Nilisikia sauti yako, omera. Pale kwa Dakta."

Nilidhani bado unaweweseka. Nikakuambia tulia, upumzike. Ukaendelea. Ulisema Dakta aliingia chumba cha nyuma akawaambia serikali iko mbele inakagua, kila mtu anyamaze, kukiwa na kelele wagonjwa wote watatolewa na kuachwa barabarani. Mkanyamaza. Maneno yangu hukuyapata vizuri kupitia mabati, ila sauti uliijua.

Nikakuuliza kwa nini hukuniita. Nyamera, nilikuuliza kwa ukali, na naomba unisamehe, ulikuwa mgonjwa.

"Niite ya nini? Sauti yako ya kufunga naijua. Hiyo haikuwa ya kufunga. Nikasikia gari imeenda, nikasema basi, amekagua, hapa ni sawa. Wewe ulifunga mimi. Kama hapo ni pabaya, si ungefunga?"

Na huyo mama wa kitanda cha pili, yeye ndiye aliyeniongezea mengine baadaye. Asubuhi iliyofuata siku ya ukaguzi, ukiwa bado unaweza kutembea, alitaka muondoke pamoja, mtafute gari mwende Migori. Alikuwa ameona hupati nafuu. Ulikataa. Ulimwambia ndugu yako amepita hapa jana, na ndugu yako si mtu wa kuacha mahali pabaya. Ukalala tena. Ukajitolea mkono mwenyewe utundikiwe chupa nyingine.

Siku ya tatu ulikufa, asubuhi, watu wanapita na uji.

Sasa sikiliza mengine usiyoyajua. Tulikuzika Kisegi, pale ulipopataka, upande unaoona maji. Watu wa machimbo walikuja kwa lori zima. Yule mchimbaji aliyepaliwa na chai siku ile alisimama akawahadithia watu habari za choo, na watu wakacheka na kulia pamoja, na mimi nikatamani ardhi inimeze. Walikuwa wananisifu. Kwenye mazishi yako, walikuwa wanasifu ukali wangu.

Siku ya tatu baada ya mazishi, akaja yule mwanamke wa kigoda. Nilimjua kwa ile leso. Aliingia langoni akiwa amevua viatu, akatoa pole kwa kila mtu kama inavyotakiwa, akaketi chini. Nilipokwenda karibu naye akaniambia, bila kuulizwa, kwamba yeye alikuwa mfagiaji wa kliniki. Alipewa kufuli na Dakta, akaambiwa afunge kwa nje na akae pale. Ufunguo ulikuwa ndani ya lile fundo la leso.

Akasema, "Nilijua ukiuliza aliyekufa ni nani, sina jina la kukupa. Lakini hukuuliza."

Nilitaka kumfukuza. Nilitaka kumshika mkono nimtoe mpaka barabarani, mbele ya watu. Lakini boma lilikuwa na msiba, na wewe ndiye uliyenifundisha. Nikaenda jikoni nikamletea chai. Nilimpa kwa mikono miwili, nyamera, na mikono yote miwili ilikuwa na hasira. Akanywa, akaaga, akaenda. Simlaumu sana kwa vile alikuwa anafuata amri ya mtu aliyemwajiri. Ila sijasahau kwamba alilishika fundo lile wakati mimi nainama.

Niliporudi kazini niliomba ile fomu. Ilikuwa kwenye faili, safi, na sahihi yangu chini. Nikamwambia mkuu wangu nataka kuirekebisha. Akauliza niirekebishe kitu gani. Nikamwambia nataka iandikwe kwamba kliniki haikuwa imefungwa, ilikuwa na wagonjwa ndani, na kwamba hapakuwa na msiba, na kwamba mmoja wa wagonjwa hao amekufa. Si mtu mbaya. Alikuja kwenye mazishi na alilia. Akafunga mlango akaniambia nikae.

"Ukiandika hivyo unajiandika wewe mwenyewe," akasema. "Unaandika sisi wote. Ripoti ilishaenda. Na huyo dada yako, Mungu amlaze pema, hasomi fomu."

Nikamwambia ninajua ninajiandika mwenyewe, na hilo ndilo ninaloomba. Akasema faili limefungwa. Nikaenda kwa aliye juu yake. Huyo akaniambia jambo la kliniki zisizo na leseni liko chini ya baraza la madaktari la Nairobi, kaunti inasaidia tu. Nikapigia Nairobi, wakasema utekelezaji uko mikononi mwa kaunti. Polisi walichukua maelezo yangu, wakaniambia wanachunguza. Nimekuwa nikizungushwa na watu wenye adabu nzuri sana, wote wananipa pole kwanza. Kila mlango ninaofika ninapewa pole. Nimechoka na pole zao.

Na Dakta? Kuna kliniki mpya upande mwingine wa machimbo, jina jipya ubaoni, mwenyewe haonekani, eti ni ya shemeji yake. Nilipita nikatazama ndani. Viti ni vile vile vya plastiki, kimoja kina mguu uliofungwa kwa waya, nilikisukuma kando nikikutoa siku ile. Nimeripoti. Nimeripoti tena. Nitaendelea kuripoti mpaka wanihamishe, na wakinihamisha nitaripoti kutoka huko.

Mimi nimebadilika, na hutapenda nilivyobadilika. Siku hizi nikikuta karatasi ya matanga mlangoni, nagonga. Nagonga kwa ngumi. Nauliza kwa sauti aliyekufa ni nani, atajwe jina, na anazikwa wapi. Nazunguka nyuma. Nasema, kama kuna mtu ndani aongee, awe ni mgonjwa au nani, mimi sitamtoa barabarani. Halafu nasimama na kusikiliza. Watu wameanza kusema kwamba nimeharibika kichwa tangu ufe, na kwamba sina haya. Mara mbili nimekuta watu ndani. Mtoto mmoja alikuwa na mguu umevimba mpaka ngozi inang'aa. Tumemwahisha hospitali, na nasikia anatembea.

Mara moja nilikosea. Nilipiga mlango wa kliniki moja ya muuguzi mstaafu, nikauliza aliyekufa ni nani, akatoka mzee macho mekundu, akanitajia jina la mke wake. Ndiye aliyekuwa muuguzi. Mwili ulikuwa bado mochari. Nilisimama pale kofia mkononi, nikiwa na umri wa yule mtoto wa mtungi wa plastiki. Aliniambia niondoke kwake na nikaondoka. Nilisikia kofi lako shavuni njia nzima. Na kesho yake nikaenda nikagonga mlango mwingine.

Watoto wako wako kwangu. Mkubwa ananiuliza maswali machache na anayakumbuka majibu yote, kwa hiyo najihadhari nisimdanganye. Mdogo amejifunza kupiga mluzi. Siku moja tulipita mahali palipo na msiba, akawa anapiga, na nikainua mkono kisha nikaushusha. Nilimwambia anyamaze, lakini sikumrudisha langoni. Sijui kama nilifanya vizuri. Wewe ungejua.

Sasa naandika hapa kile nilichokatazwa kuandika kule, kwa mkono wangu mwenyewe, na atakayetaka kunifuta kazi aje na barua hii mkononi. Siku ya ukaguzi, kliniki ile ilikuwa inafanya kazi. Hapakuwa na msiba. Kufuli lilikuwa nje na wagonjwa walikuwa ndani, wanne. Kitanda cha kwanza kutoka mlangoni alilazwa dada yangu, mwenye hoteli, mwenye ugonjwa wa sukari, akitundikiwa maji ya sukari. Alikuwa na fahamu zake na alikuwa anaweza kutembea. Afisa alifika mlangoni akavua kofia, hakugonga, akaenda. Mgonjwa alimsikia na akaamini kwamba amekaguliwa.

Sahihi ni yangu.

Pumzika, nyamera. Ukisikia ngumi zikipigwa kwenye mabati ya watu, usiniite kwa hasira. Hiyo sasa ndiyo sauti yangu.

Omera wako, kitindamimba